Hakuna Mtoto wa Leo

Sikufikisha ujumbe. Kwa miaka mitano nimesema niliufikisha. Nimesema hivyo mbele ya mwenye ujumbe, mbele ya majirani zake wa mtaa wa Bulapesa, na mara moja katika makala iliyosifiwa na watu ambao sifa zao nilikuwa nazitamani sana wakati huo. Makala yenyewe ilihusu kiburi cha wataalamu wa mbali. Niliandika kwamba tuliwaambia na hawakutaka kusikia. Ilikuwa na aya nzuri. Mimi uongo hunipa aya nzuri kuliko ukweli, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu angekuwa ameshalitilia shaka.

Aliyenituma alikuwa nesi mstaafu. Manesi ni wengi Isiolo, lakini ukisema "Nesi" bila kuongeza neno, mwendesha bodaboda atakupeleka kwake na kukushusha mlangoni. Tulikuwa majirani. Ndiye aliyenidunga chanjo zangu zote nilipokuwa mtoto, na hakuacha kunikumbusha kwamba nililia kuliko watoto wote wa mtaa. "Huyu," alikuwa akiwaambia wageni, "alisoma mpaka Nairobi, akasoma mpaka vitabu vikaisha, lakini ukimwonyesha sindano anaita mama yake."

Alivaa saa ya manesi, ile inayobandikwa kifuani kichwa chini, juu ya hijabu yake ya kahawia. Ilikuwa imesimama miaka mingi. Nilipomuuliza kwa nini haibadilishi betri alisema, "Hii si saa ya kuangalia, intala. Ni ya kuangaliwa." Intala ni binti kwa Kiborana. Aliniita hivyo ingawa kwetu ni Wameru, na kila nilipomwamkia "Habari, Nesi," alijibu "Wa aleikum salaam," kana kwamba nilikuwa nimesalimu sawasawa.

Aliwakataza sukari watu wa mtaa mzima. Angeweza kukunyang'anya kikombe mkononi mbele ya mumeo. Yeye mwenyewe alikunywa chai ya maziwa ya ngamia yenye vijiko vinne, akikoroga polepole ili kijiko kisigonge kikombe na wenye masikio wasihesabu. Alihubiri subira, kisha kwenye kinu cha kusaga alipita mbele ya foleni nzima akisema ana mgonjwa, na mgonjwa alikuwa yeye, wa kuchoka kusimama. Na huyu mwanamke aliyekuwa amechanja nusu ya wilaya alifumba macho na kushika mkono wa mtu kila alipodungwa yeye. Nilishikwa mkono huo mara moja. Vidole vyangu vilikufa ganzi mpaka adhuhuri.

Kompyuta alizitibu. Alinawa mikono kabla ya kuzifungua, akazipangusa vitufe kwa pamba yenye spiriti, na ikiwa programu imekwama hakusema imeharibika. Alisema ina homa. Alikuwa amejifundisha kuandika programu baada ya kustaafu, kwa kitabu kisicho na jalada kilichoachwa na mwalimu wa kujitolea aliyefundisha mihula miwili akaondoka ghafla. Hakupenda kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, kwenye kioo. Aliuchapisha kwenye karatasi, akaitandaza mkekani, akapita juu yake na kalamu nyekundu kama anayesahihisha mtihani wa mtoto mvivu. Mtoto mvivu alikuwa yeye mwenyewe wa jana. "Nani ameandika hii takataka?" aliuliza, na hakuna aliyethubutu kujibu.

Alichokiandika kwa kalamu hiyo nyekundu ndicho kitu bora nilichowahi kukiona kikifanywa na mtu mmoja, na nasema hivyo nikiwa nimekaa kwenye mikutano mingi ya watu wenye fedha na kompyuta mpya.

Mwulize mama wa mfugaji mtoto wake alizaliwa tarehe ngapi, naye atakutazama kama umemuuliza uzito wa mbingu. Mwulize kama Nesi alivyouliza, atakuambia: siku ya tatu baada ya Iddi, tulikuwa kwenye kisima fulani, ngamia yule mwekundu alikuwa amezaa juzi yake. Kadi ya kliniki hupotea, huliwa na mbuzi, hunyeshewa. Na familia huhama. Mtoto aliyechanjwa Kinna akifikisha miezi ya chanjo inayofuata yuko Garbatulla, na daftari la Kinna halijui. Programu ya Nesi ilimtambua mtoto kwa vitu ambavyo mama hasahau: jina la mama mwenyewe, kisima, na mwezi wa Kiislamu. Kompyuta zilikuwa nne, zote kuukuu, zilizotupwa na shule. Moja ilikuwa kwake Isiolo, moja kwa mkunga wa Kinna, moja katika duka la dawa za mifugo Garbatulla, na moja kwa mke wa imamu upande wa Korbesa, iliyokuwa imepoteza kitufe cha herufi M na kuwekewa kipande cha raba mahali pake. Madereva wa malori ya mifugo walibeba flashi kutoka moja hadi nyingine ili orodha zilingane.

Kila asubuhi mwanamke mwenye kompyuta alibonyeza kitufe kimoja. Yakatokea majina ya akina mama ambao watoto wao wamefikia chanjo, na kisima ambako kila mmoja hunywesha. Basi yeye humtafuta mtu yeyote anayeelekea kisima hicho na kumpa ujumbe wa mdomo ambao Waborana huuita dhaamsa: mwambie mama fulani alete mtoto. Aliyepewa ujumbe wa namna hii hurudia maneno yote kabla ya kuondoka, na akishaondoka ni deni shingoni mwake. Waliubeba madereva waliojaa miraa. Waliubeba wachungaji waliogombana na familia hiyohiyo juu ya malisho. Nesi aliniambia kwamba tangu aanze hapajapotea hata mmoja, na nilimwamini, kwa kuwa nilikulia hapo. Neno dhaamsa nililijua kabla ya kujua kusoma. Nalitaja ili mtu asinitafutie udhuru kwamba ni desturi ya wengine.

Sasa inabidi nieleze jambo la kitaalamu. Nitalieleza upesi kwa sababu hata mimi nalielewa juu juu.

Programu ya Nesi haikujua kuhesabu miezi ya Kiislamu. Ilitegemea kipande cha programu huria, yaani kazi ambayo watu wameiandika na kuiacha wazi mtu yeyote aichukue bure. Ndani yake mlikuwa na jedwali: mwezi huu una siku ishirini na tisa, ule thelathini. Kila mwaka watunzaji wake waliongeza miezi ya mbele, Nesi akalipakua jedwali jipya, akaliweka kwenye flashi, malori yakalipeleka. Watunzaji hao walikuwa wanne katika dunia nzima, na mmoja wao, Mungu anisamehe, alikuwa mimi.

Niliingia kwa ajili yake. Alikuwa amekwama kwenye maelezo ya Kiingereza, akanipigia simu Nairobi. Nikayasoma, nikaona yameandikwa vibaya, nikawaandikia wenyewe nikilalamika kwa sauti ya mwalimu wa sekondari. Wakanijibu kwamba nakaribishwa kuyarekebisha. Nikayarekebisha, wakanishukuru, wakanipa ufunguo wa kuingilia kazi yao. Msimbo sikuandika hata mstari mmoja, maelezo tu. Lakini nilikuwa mtu wa fasihi mwenye shahada mbili na vitabu viwili visivyonunuliwa, na ghafla watu wa nchi za baridi waliniita mtunzaji mwenzao. Nililiweka jambo hilo chini ya jina langu kila mahali palipokuwa na nafasi chini ya jina langu.

Lugha ya kompyuta aliyoijua Nesi ilikuwa toleo la zamani. Toleo jipya lilikuwa limeshatoka miaka mingi, na wenye lugha walikuwa wameacha kulihudumia la zamani. Sisi tulikuwa bado tunalihudumia. Kila badiliko tulilijaribu mara mbili, mara moja kwa lugha mpya na mara moja kwa ile kuukuu, na lilipokataa lilikataa huko kwenye kuukuu. Watu walikuwa wamechoka. Walifanya kazi hiyo bure, wakiwa na watoto, waajiri na migongo inayouma. Katika makala yangu niliwafanya wawe watu wasio na moyo. Haikuwa hivyo.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo mjadala ulipoanza. Nikamkuta Nesi mkekani, kalamu nyekundu sikioni.

"Nesi, wanataka kuacha toleo la zamani."

"Kuacha aje? Kama mtu anaacha sigara ama kama anaacha bibi?"

Nikafikiri. "Kama anaacha bibi."

"Na watoto wanabaki na nani?"

Nikamweleza kwamba toleo jipya lingekuwa na jedwali, la zamani lisingekuwa nalo. Alilijua toleo jipya. Alikuwa amejaribu kulitia kwenye zile kompyuta nne, zikalikataa zote. Lilitaka mashine changa. Hilo lilimuudhi kwa namna ya pekee. "Lugha gani hii inakataa maneno ya jana? Mimi Kiborana cha nyanya yangu nikikiongea leo, kuna mtu ataniambia niweke kipya kwanza?" Vijana wa mjini wanaotengeneza simu walikuwa wamemshauri: "Nesi, hii ni ya kitambo, tupa tu." Akawafukuza kwa fimbo ya ufagio. Mke wa imamu, alisema, alichukua miaka miwili kukijua kile kitufe kimoja. "Nikimbadilishia leo, nimemfukuza. Hatasema nimemfukuza. Atanikaribisha chai na hataifungua tena."

"Wanauliza kama kuna mtu bado analitumia," nikasema. "Ni mahali pa wazi, Nesi. Unaweza kuandika mwenyewe. Mstari mmoja."

Akanitazama juu ya miwani. "Niandikie watu sijawahi kuona uso? Mashine naandikia. Mtu natumia mtu."

Hapo ndipo alipokosea, na mtu wa kwingine asingekosea hivyo. Mtu wa kwingine angebonyeza herufi ishirini na kuendelea na chai yake. Lakini kwa Nesi maandishi yasiyo na mbebaji yalikuwa kama karatasi inayopeperushwa na upepo sokoni. Jambo zito lilihitaji shingo ya mtu. Na mtu alikuwepo, ameketi mbele yake, ana ufunguo.

Aliweka kalamu chini. "Wewe ukifika huko uwaambie tuko. Uwaambie ni kompyuta nne. Uwaambie hatuombi kitu mpya, ni hiyo jedwali tu ya kila mwaka. Uwaambie watoto ni wao pia, maana wamewahesabia miezi hii yote. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Rudia."

Nikarudia, neno kwa neno, kama dereva wa lori. Akaitikia kwa kichwa na kunimiminia chai.

Nilirudi Nairobi. Kwenye ukurasa wa mradi, mkuu wetu alikuwa ameuliza swali lake: tunafikiria kuacha toleo la zamani, kama kuna anayelitumia bado, tafadhali aseme hapa. Alikuwa mwanamume mpole wa nchi ya mbali ambaye nilimjua kwa sauti tu. Chini yake watu walikuwa wameweka madole gumba ya kukubali. Mmoja alikuwa ameweka picha ya jeneza, na wengine walikuwa wamecheka. Nikaanza kuandika. Niliandika "Kuna nesi mmoja," nikafuta. Niliandika "Katika mji wangu wa nyumbani," nikafuta. Niliiona ile raba mahali pa herufi M. Niliona jinsi watakavyoisoma: yule mwenzetu wa Kenya, bila shaka, kwao ndiko bado wanatumia hiyo. Nilikuwa nimechukua miaka mitatu kuwa mtunzaji mwenza, na kwa sentensi moja ningegeuka kuwa mtu wa kuhurumiwa. Nikaifunga kompyuta yangu, ambayo ilikuwa mpya.

Siku chache baadaye mkuu aliniuliza mwenyewe, kwa jina, mbele ya wote: vipi huko kwenu, yupo mtu?

Nikajibu: "Hapa kwetu tulishahama zamani." Kisha nikaweka dole gumba langu pamoja na ya wengine.

Nesi alipiga simu wiki iliyofuata. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia, Nesi. Wamekataa."

"Wote?"

"Wote."

"Hakuna hata mama mmoja kwa hao?"

"Wamekataa, Nesi."

"Basi Mungu awape maisha marefu," akasema, na kwa Nesi hiyo ingeweza kuwa dua au sindano. Hakuuliza tena. Tangu siku hiyo sikuhitaji kusema uongo mwingine ila uleule, na niliusema kila nilipoulizwa, mpaka ukawa na sura ya kitu kilichotokea.

Jedwali la mwisho lilikuwa bado na miezi zaidi ya mwaka ndani yake, kwa hiyo hakuna kilichotokea, na kutotokea kitu kulinithibitishia kwamba nilikuwa nimefanya jambo dogo. Niliacha mradi. Niliandika makala. Jedwali likaisha.

Lingeisha kwa kelele, pengine tungepona. Programu ikifika mahali isipopajua ingeweza kusimama na kupiga yowe jekundu kwenye kioo, na ndiyo ishara Nesi aliyokuwa akiingojea. Hii haikusimama. Ilipokosa mwezi unaofuata ilibaki kwenye mwezi wa mwisho iliokuwa nao, siku baada ya siku, kwa adabu. Kwa hesabu ya zile kompyuta nne, watoto wote kutoka Kinna mpaka Korbesa waliacha kukua. Wa miezi minane akabaki na miezi minane. Hakuna aliyefikia chanjo yoyote. Na kioo, kila asubuhi, kikaandika maneno ambayo Nesi aliyatunga mwenyewe ili kuwafurahisha wale wanawake siku za mapumziko: *Hakuna mtoto wa leo. Alhamdulillahi.*

Wakapumzika. Kwa nini wasingepumzika? Mke wa imamu aliwaambia majirani kwamba kazi ya Nesi imefika mwisho wake mwema, watoto wote wamekingwa. Alimchinjia Nesi mbuzi.

Nesi aligundua kwa sababu ya kelele. Ilikuwa siku ya soko la mifugo, akina mama walikuwa wamejaa uani kwake na vichanga, na kioo kinasema hakuna mtoto. "Kompyuta inaniambia hakuna mtoto," alinisimulia baadaye, "na mtoto ananililia hapa ndani ya sikio." Alitazama tarehe. Alipiga simu Kinna siku hiyohiyo, akapiga Garbatulla. Korbesa simu haikushika. Akatuma ujumbe kwa malori mawili na mchungaji mmoja, njia tatu tofauti, ili mmoja akikwama wengine wafike. Mvua ilikuwa imekata barabara. Wote watatu walichelewa, na wote watatu walifika, na kila mmoja alirudia maneno yaleyale. Lakini surua ilikuwa imetangulia. Kulikuwa na msichana, bado wa kubebwa mgongoni, aliyekuwa wa kuchanjwa kabla ya hapo. Mama yake alikuwa amekwenda kwa mke wa imamu mara mbili kuuliza, kwa kuwa aliona mtoto amekua, na mara mbili akaonyeshwa kioo. Lori la kwanza lilipofika walikuwa wamemzika siku nne nyuma.

Wanaotaka kutuliwaza hutuambia kwamba hakuna anayeweza kujua. Watoto waliochanjwa pia huugua. Mimi pia nimejiambia hivyo, kwa ustadi mkubwa.

Nilikwenda Isiolo niliposikia. Nesi hakuwa analia. Alikuwa mkekani na karatasi zake, akitafuta, na alipopata mahali alipokuwa akipatafuta akapazungushia duara jekundu. Ilikuwa ile sentensi.

"Hii ni yangu," akasema. "Si ya hao wazungu. Mimi ndio niliandika Alhamdulillahi. Ningeandika tu hakuna, yule mama angeuliza tena. Ukishamshukuru Mungu, nani ataendelea kuuliza?"

Nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja. Nilikuwa na la kusema na nilikuwa na nafasi ya kulisema, mlango umefungwa, hakuna mtu mwingine ndani. Nikasema, "Usijilaumu, Nesi." Nilimwachia lawama. Sijui kama Kiswahili kina neno la kitu nilichofanya pale. Nimeishi kwa maneno na bado silijui. Na baada ya hapo ndipo makala ile ilipochapishwa mara ya pili, nikiwa nimeiongezea aya juu ya msichana.

Alilisahihisha jedwali kwa mkono kwenye mashine yake, akiandika mwezi mmoja mmoja kutoka kwenye kalenda ya msikiti, uso umekaribia kioo. Mtu atauliza kwa nini mimi sikumsaidia. Nilijaribu, mara moja. Nilipomaliza, kila mtoto wa orodha alikuwa amezaliwa Ramadhani. Akacheka, mara pekee mwaka huo, akaniambia nirudi kwenye hadithi. Mwaka uliofuata alifaulu tena. Mwaka wa tatu macho yalikataa. Ile sukari ya kukorogwa kimya ilikuwa imemfikia. Wanawake wa Kinna na Garbatulla walijua kuchomeka flashi, hawakujua kuandika jedwali. Mke wa imamu alirudisha kompyuta yake kwa lori, imefungwa kwenye shuka safi, na hakutuma neno lolote pamoja nayo.

Mara ya mwisho nilipomtembelea Nesi ilikuwa mwezi uliopita, asubuhi. Alikuwa ameketi kitini, si mkekani, kwa sababu ya miguu. Alinijua kwa hatua. Nikasema habari, naye akaitikia salaam yake.

Nilikuwa nimekuja kumwambia. Naomba niaminiwe katika hilo, ingawa sina haki ya kuomba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi yenyewe njia nzima kutoka Nairobi, nikiipunguza maneno, na kufikia Nanyuki ilikuwa imebaki maneno mawili.

"Nimefikiri juu ya wale watu wako," akasema kabla sijakaa. "Wale wa jedwali."

"Nesi..."

"Ngoja. Nimefikiri labda hukusema vizuri. Wewe ni mtu wa vitabu, labda ulizungusha maneno. Labda walidhani tunataka mambo mengi. Rudi uwaambie tena. Polepole. Waambie ni jedwali tu. Waambie macho yangu yamekwisha, ingekuwa bado ninaona nisingewasumbua." Aliunyoosha mkono hewani kunitafuta, nikampa wangu. "Kinna kuna watoto sasa hivi hawako kwa orodha yoyote. Mkunga anaandika kwa daftari, wakihama wamepotea. Umeshika?"

Nilimtazama usoni kwa muda mrefu, jambo linalowezekana kwa mtu asiyeona. Nilitaka kujua kama alikuwa amejua siku zote na alikuwa ananipa njia ya kupitia, au kama aliniamini tu, mpaka hapo. Uso haukuniambia. Vidole vyake vilinibana vilevile kama vya zamani.

"Nimeshika," nikasema.

"Rudia."

Nikarudia. Yale maneno mawili nilirudi nayo Nairobi.

Namba ya mkuu wa mradi niliipata katika barua ya zamani. Nilimpigia Jumamosi asubuhi. Alinikumbuka, akafurahi, akaniuliza habari za vitabu. Nikamwambia nina ujumbe wake kutoka kwa mtu, na kwamba ulitumwa miaka mitano iliyopita. Nikausema wote kama nilivyoagizwa mara ya kwanza, kisha kama nilivyoagizwa mara ya pili. Kompyuta nne. Jedwali tu. Watoto ni wao pia. Nikamwambia na habari ya msichana.

"Lakini nilikuuliza," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. "Nilikuuliza wewe."

"Ndiyo."

"Ulisema mlishahama."

"Ndiyo."

Nikamuuliza kama sasa jambo lolote lingeweza kufanyika. Akanieleza taratibu kwamba mashine zilizokuwa zikijenga toleo la zamani zilizimwa, kwamba yeye mwenyewe aliondoka mwaka juzi, kwamba amebaki mtunzaji mmoja naye hajibu barua. Ilikuwa imekwisha. Alijua ndani ya mradi pamekaaje kuliko mtu yeyote, akaniambia hakuna pa kuingilia.

Basi nikauliza nililopiga simu kuliuliza, lile nililolilalia miaka mitano kama godoro. Nikasema: hata ningekuambia, mngeliacha tu toleo la zamani, sivyo? Mlikuwa mmechoka. Watu wote walikuwa wameshapiga kura.

"Hapana," akasema. "Kulibakishia jedwali tu ingekuwa kazi ya dakika kumi kwa mwaka. Nilikuwa nimeshaandika tangazo la kuahirisha. Niliacha nafasi ya jina la mtu mmoja anayelitumia. Lilipokuja jibu lako, nikalifuta."